Muulize Mwalimu: Mama wa Ligula anakwenda Dorset

Toleo lililopita niligusia, kwa sentensi moja tu, kwamba likizo yangu niliimalizia kwa binti yangu, muuguzi huko Poole, katika kaunti ya Dorset, kusini mwa Uingereza. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua na ujumbe wa simu vimekuja kutoka Ligula hadi Nachingwea. Wengine wana watoto kule, wengine wanataka tu kujua watu wa kule wakipumzika huenda wapi. Wenye maswali ya ubwiriunga kwenye mikorosho wanivumilie mpaka toleo lijalo. Leo ni matembezi.

SWALI: Mwalimu, habari za siku nyingi. Mwanangu wa pili anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee Bournemouth. Amenikatia tiketi, naondoka mwezi wa sita na nitakaa mpaka Julai iishe. Yeye anashinda kazini, na mimi sitaki kukaa ndani siku nzima nikiangalia televisheni ya watu. Gari hana. Nitembee wapi kwa basi? Magoti yananisumbua, na pesa ya kuchezea sina. *Mama wa Ligula, Mtwara*

JIBU: Salama, dada yangu, na hongera kwa kuzaa mtoto anayekumbuka alikotoka.

Kuhusu pesa, usiogope sana. Mazuri ya Dorset mengi yako nje, na pwani haina kiingilio. Kuanzia Exmouth, katika kaunti jirani ya Devon, hadi majabali meupe ya Old Harry karibu na Swanage ni kilomita zipatazo 150, na karibu zote ziliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Nani atakukatia tiketi ya kutazama bahari? Pesa yako iwe ya nauli, na ya kiingilio kimoja tu kwa siku. Mtu akikwambia lazima uone sehemu nne kwa siku moja, jua huyo ana gari na magoti yake ni mazima.

Siku ya kwanza panda basi namba 50 la kwenda Swanage. Kiangazi huwa la ghorofa, na juu halina paa. Kaa juu, jifunge mtandio sawasawa maana upepo ule hauna adabu. Litakupitisha Sandbanks, kwenye majumba ambayo ni miongoni mwa ghali kabisa Uingereza (yaangalie tu, hayadaiwi), halafu basi lenyewe linaingia kwenye pantoni. Pantoni ile inajivuta kwa minyororo iliyolazwa chini ya maji kutoka ng'ambo moja hadi nyingine. Mlango wa bandari ni mwembamba, unavuka kabla hujapata pa kushika. Ukitazama kulia utaiona Bandari ya Poole yote, mojawapo ya bandari kubwa za asili duniani. Wenyeji wanajivuna nayo sana. Mimi nilinyamaza kwa heshima, lakini sehemu kubwa ya maji yale ni kina kifupi, na meli haziendi ila kwa kufuata mfereji uliochimbwa. Bandari yetu ya Mtwara wangeiona wangepunguza.

Swanage ni mji mdogo wa ufukweni. Kunywa chai, kisha nenda stesheni, hapo ndipo pa kutumia pesa yako ya siku hiyo. Utapanda treni ya mvuke, ile ya makaa ya mawe, hadi kijiji cha Corfe Castle. Njia ile ilifungwa na shirika la reli la serikali mwaka 1972 na vyuma vikang'olewa. Watu wa pale wakaanza kujitolea, wakailaza upya kipande kwa kipande, na mwaka 1995 treni ikafika tena Corfe. Mpaka leo wengi wa wanaokata tiketi, wanaopunga bendera na wanaotia makaa ni wastaafu wasiolipwa hata senti. Sisi nasi tulikuwa na reli, ya Mtwara hadi Nachingwea, waliyoijenga Waingereza kwa ajili ya mradi wao wa karanga, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nilisimama pale kwenye behewa nikimtazama yule mzee mwenye masizi mpaka puani, anafuta kishikio cha shaba kwa kitambaa, anakifuta tena, wakati treni bado haijaondoka. Ningependa kumuona mzee wa namna hiyo Nachingwea.

Ngome ya Corfe iko juu ya kilima. Usipande. Kaa kijijini kwenye benchi, utaiona yote: minara imepinda, ukuta mmoja umeteleza chini na bado umesimama wima. Wakati wa vita vya mfalme na Bunge, miaka ya 1640, ngome hii ilishikiliwa na mwanamke, Mary Bankes, mumewe akiwa hayupo. Walizingirwa, wakazingirwa tena, na ilianguka mwaka 1646 kwa sababu mmoja wa watu wao aliwaingiza maadui ndani. Bunge likaamuru ipasuliwe kwa baruti, ndiyo maana imekaa vile. Mawe yake wanakijiji wakajengea nyumba.

Nikutajie na haya mabenchi, maana kwa mtu wa magoti ni muhimu kuliko ngome. Pwani nzima yamejaa. Wenye kufiwa hulipia benchi, likawekwa kibao chenye jina la marehemu aliyependa kukaa pale. Mwanzoni nilikuwa nasita kukalia benchi la maiti. Binti yangu akasema, baba, limewekwa ili ukae. Basi nikakaa, na kila nilipokaa nikamtaja mwenyewe kwa jina lake na kumuombea.

Siku nyingine panda treni hadi Weymouth, kisha basi la pwani linaloelekea Bridport, shuka Abbotsbury. Pale wana batamaji, wale ndege weupe wa shingo ndefu, mamia kwa mamia wanaoishi huru kando ya ziwa la maji ya chumvi. Juni ni wakati mzuri: vifaranga wanaanguliwa kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Juni, na njia inapita katikati ya viota. Mama batamaji atakukoromea. Mpishe.

Ng'ambo ya lile ziwa ndipo ulipo ufukwe wa Chesil, ukuta wa kokoto wa karibu kilomita 29. Bahari imezichagua kokoto zile kwa ukubwa: upande wa magharibi ni ndogo kama mbaazi, na kadiri unavyokwenda mashariki kuelekea kisiwa cha Portland zinakua mpaka zinajaza kiganja. Wanasema mvuvi wa pale akitua usiku wenye ukungu, akiokota kokoto moja anajua yuko sehemu gani ya pwani. Usitembee sana juu yake, mguu unazama kila hatua, na usiingie majini hata kwa dawa. Ufukwe unakatika ghafla na mawimbi yanavuta.

Durdle Door, lile tao la jiwe lililosimama baharini, utaliona kwenye kila kadi ya posta. Ngazi za kushukia ni kali na za kupandia ni zile zile. Mwachie mwanao akapige picha, wewe mngoje ghuba ya Lulworth iliyo jirani, kuna mahali pa kukaa na unaiona bahari imezungukwa na mwamba karibu duara zima.

Mengineyo haraka haraka. Beba koti, Juni au si Juni. Mwezi Juni jua linazama baada ya saa tatu usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Kama unaswali, chukua ratiba ya msikiti wa karibu siku ile ile unayofika, na umwambie mwanao akutafutie pazia zito. Samaki wa kule huletwa na chipsi, hana kichwa, hana mfupa, kavikwa unga. Usiulize kichwa kiko wapi. Na ukila ufukweni funika chakula chako, maana shakwe wa kule wanapora mkononi mchana kweupe.

SWALI: Mwalimu, hao batamaji uliowahi kutusimulia kijiweni, wanaliwa? *Mpenda Kitoweo, Chikongola*

JIBU: Waliliwa. Watawa wa Abbotsbury ndio walioanza kuwafuga, karne ya 11, kwa ajili ya karamu zao. Mfalme Henry wa Nane alipofunga nyumba za watawa, Abbotsbury ilifungwa mwaka 1539, na ndege wakabaki mikononi mwa ukoo mmoja wa wenye ardhi mpaka leo. Sasa wanalindwa kisheria na wanalishwa mbele ya wageni, watoto wakisaidia kumwaga nafaka. Kwa hiyo kule batamaji ndiye anayeandaliwa chakula. Wewe tulia na bata wako wa Chikongola.

SWALI: Shikamoo mjomba Mwalimu. Mimi ni kijana wa Lindi mjini, nasoma kidato cha tano. Nimesikia Dorset wana pwani ya mifupa ya kale na watu wanaokota bure. Sisi mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, huku huku Lindi, ilikwenda Ujerumani. Wao wametuzidi nini? *Mpwa wako, Mitema*

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Hili ndilo swali nililokuwa nalingoja, na nitalijibu kwa kirefu, wasiopenda mawe waruke.

Dorset kuna kijiji kinaitwa Kimmeridge, nyumba chache za mawe na ghuba nyeusi ya udongo uliogeuka mwamba. Wanajiolojia wamelichukua jina la kijiji hicho wakakipa kipindi kizima cha Jurasiki, enzi ya dinosaria, kama miaka milioni 150 hivi iliyopita na zaidi kidogo. Sasa fungua kitabu chochote cha jiolojia mahali wanapozungumzia Tendaguru: tabaka zenye mifupa yetu, sehemu kubwa, wameziweka kwenye kipindi hicho hicho. Kimmeridge wakati ule ilikuwa sakafu ya bahari, tope tupu, ndiyo maana wanaopatikana pale ni wanyama waogeleaji. Tendaguru ilikuwa ukingo wa bahari, viziwa vya maji ya chumvi na nchi kavu nyuma yake, ndiyo maana sisi tulipata wenye miguu, tena mikubwa. Wao wana habari za majini na sisi za ufukweni, wakati mmoja.

Mwaka 2022 walitoa kwenye jabali la Kimmeridge fuvu la pliosaria, mnyama mwindaji wa baharini. Lilianza kwa ncha ya pua kuokotwa chini ufukweni. Wakarusha droni kuangalia jabali, wakaona sehemu iliyobaki ipo juu, wakashuka kwa kamba na kulichimba huku wananing'inia. Urefu ni mita 2, meno 130. Nilisimama mbele yake na sikuwa na haja ya kusoma maelezo. Lile taya lenyewe linajieleza.

Ila nisikilize hapa. Fuvu lile liko Kimmeridge. Liko kwenye jumba la makumbusho la kijiji, kwa miguu unafika kwenye jabali lilikotoka. Jumba lilifunguliwa mwaka 2016 kwa mkusanyiko wa mtu mmoja, Steve Etches, fundi bomba kwa kazi yake, aliyetumia miongo kadhaa kuokota na kusafisha visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, akivihifadhi kwenye gereji ya nyumbani kwake. Fundi bomba na gereji, mpwa wangu. Hapo ndipo walipotuzidi.

Usidhani lakini kwamba Dorset hawakunyang'anywa. Magharibi mwa kaunti kuna mji wa Lyme Regis, alikozaliwa Mary Anning mwaka 1799, binti wa fundi seremala. Baba alikufa na madeni, watoto wakawa wanaokota visukuku na kuwauzia watalii. Mwaka 1811 kaka yake aliona kichwa cha ikthiosaria, mtambaazi wa baharini wa kale, Mary akakitafuta kiwiliwili akakipata. Mwaka 1823 akachimbua plesiosaria mzima, mwenzake wa baharini mwenye shingo ndefu. Mabwana wa London wakanunua, wakaandika, wakasoma kwenye vikao vyao ambavyo mwanamke hakuruhusiwa kuingia, na jina lake mara nyingi halikutajwa. Lile fuvu lake la kwanza liko London hadi leo. Alifariki mwaka 1847. Sanamu yake pale Lyme Regis ilisimamishwa mwaka 2022, tena baada ya msichana mdogo wa shule kuanzisha kampeni. Makumbusho ya mji yamejengwa pale ilipokuwa nyumba yao.

Sasa rudi kwetu. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Sattler, aliona mifupa imetokeza juu ya ardhi Tendaguru. Kuanzia 1909 hadi 1913 Werner Janensch na Edwin Hennig wakaleta msafara kutoka Berlin, mamia ya watu wa hapa wakachimba, wakafunga mifupa kwenye mianzi na plasta, wakaibeba kichwani na mabegani siku kadhaa mpaka bandarini Lindi, zaidi ya tani 200. Hii ilikuwa miaka michache tu baada ya Majimaji, watu wana njaa. Msimamizi wao mkuu, aliyefundisha wengine kutofautisha mfupa na jiwe, aliitwa Boheti bin Amrani. Mjerumani alipata makumbusho na dinosaria mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, yule anayeitwa Giraffatitan, anasimama Berlin. Boheti alingoja hadi mwaka 2007 ndipo jina lake likawekwa kwenye dinosaria mmoja wa Tendaguru, Australodocus bohetii. Liandike daftarini.

Suala la mifupa ile limefika bungeni zaidi ya mara moja, na mimi nasema irudi au isirudi, Lindi mjini panatosha chumba kimoja: ramani ukutani, picha za wachimbaji, nakala ya plasta ya mfupa wa mkono ambao asili yake inazidi mita 2, na kijana kama wewe wa kueleza. Na kuhusu kuokota bure, kule Lyme Regis na Charmouth unaruhusiwa kuchukua kilichoanguka ufukweni, lakini jabali lenyewe hulichimbi. Tendaguru usiokote hata kipande. Mfupa ukitolewa mahali pake bila mtaalamu kuandika ulikolalia, umeshakuwa jiwe la kuzuia mlango.

SWALI: Mwalimu, mimi ni kiongozi wa skauti, Masasi. Ni kweli uskauti ulianzia huko? *Mwenye Skafu*

JIBU: Ni kweli. Kisiwa cha Brownsea, katikati ya Bandari ya Poole, Agosti 1907. Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, alichukua wavulana kama ishirini, wengine wa shule za matajiri, wengine wa mitaa ya kawaida, akawalaza kwenye mahema pamoja. Kwa Uingereza ya wakati ule, hilo la kuwachanganya ndilo lilikuwa jambo. Boti zinaondoka gati la Poole, kiingilio kipo, kwa sababu kisiwa ni cha National Trust, shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 1895, ambalo pia ndilo lenye ngome ya Corfe. Kuna jiwe la kumbukumbu penye kambi, na skauti wa nchi zote bado wanapiga kambi pale. Kuna pia kindi wekundu, ambao sehemu nyingi za Uingereza wamefukuzwa na kindi wa kijivu kutoka Marekani. Nikiwa na skafu shingoni ningejisikia vizuri zaidi, lakini nilikuwa na kofia ya Yanga. Na kama Poole ni mbali, kaburi la Baden-Powell mwenyewe liko Nyeri, Kenya. Alizikwa huko mwaka 1941.

SWALI: Mwalimu, mwanangu amenitumia picha ya jitu limechorwa kilimani, halina nguo, na watu wazima wamesimama wanaliangalia. Ni Uingereza hii hii ya mfalme? *Bibi wa Newala, sitaki kutajwa*

JIBU: Ni hiyo hiyo, bibi yangu. Hilo ni jitu la Cerne Abbas. Urefu mita 55, rungu mkononi, na hayo mengine umeyaona. Wanachimba mtaro kwenye majani na kuujaza chaki nyeupe. Mwaka 2019 walitumia tani 17 kulisiliba upya. Watu walibishana karne nzima kama ni la kale mno au ni dhihaka ya juzi. Wakapima udongo wa chini, na mwaka 2021 wakatangaza ni kati ya mwaka 700 na 1100. Wanaliona wakiwa ng'ambo ya barabara. Nilipita na mkwe wangu kwenye gari moja, kwa hiyo maelezo yangu yanaishia hapo.

SWALI: Mwalimu, ukiambiwa urudi Dorset siku moja tu, unakwenda wapi? *Msomaji wa Tandahimba*

JIBU: Kwa kuwa unatoka kwa wakulima, ungetegemea niseme Tolpuddle, kijiji cha wale vibarua sita wa mashambani waliohamishiwa Australia mwaka 1834 kwa kosa la kula kiapo cha chama wakitetea ujira wao. Makumbusho yao ni madogo na mazuri, na kila Julai vyama vya wafanyakazi vinakusanyika pale na bendera. Wana ushirika wa korosho wapelekwe, nakubali.

Lakini mimi ningekwenda Tyneham.

Tyneham ni hame. Mwishoni mwa 1943 jeshi la Uingereza lilihitaji bonde lile kwa mazoezi ya vifaru, watu 225 wakapewa notisi ya kuondoka kabla ya Krismasi. Waliacha karatasi kwenye mlango wa kanisa, wakiomba askari watunze kanisa na nyumba zao, kwamba siku moja watarudi. Vita viliisha, mwaka 1948 serikali ikaichukua ardhi moja kwa moja, na hawakurudi. Nyumba sasa hazina paa. Miti imeota jikoni, na kwenye kila gofu pamewekwa kibao: hapa alikaa nani, alifanya kazi gani, alikuwa na watoto wangapi.

Lililonishika ni darasa. Limerudishwa lilivyokuwa: madawati, ramani, daftari za watoto za kuchora majani na ndege, na ukutani vishikizo vya kutundikia makoti, kila kimoja na jina la mtoto chini yake. Shule yenyewe ilikuwa imefungwa tangu mwaka 1932, watoto walikuwa wamekwisha kijijini kabla ya jeshi kuja. Nimefundisha maisha yangu yote na najua mwandiko wa mtoto aliyesimamiwa na mwalimu nyuma yake. Niliuona pale. Binti yangu alitoka nje akaningoja, hakunisemesha.

Ninyi wa umri wangu mnaokumbuka operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 mnayajua mahame yetu. Miembe mitatu minne imejipanga porini, unajua palikuwa na mji wa mtu. Hakuna kibao. Tukiulizwa nani alikaa pale, wenye kukumbuka wanapungua kila mwaka, na mimi nimeshaanza kuandika ya upande wa mama yangu.

Tyneham hufunguliwa wikiendi nyingi na siku za likizo, jeshi lisipopiga risasi. Ukiona bendera nyekundu, geuza. Basi halifiki.

SWALI: Mwalimu, sisi Mikindani tuna Boma la mwaka 1895, tuna mji mkongwe, na Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho mwaka 1866. Kilwa Kisiwani iko kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981. Unatupeleka kwa Waingereza kufanya nini? *Mwana wa Mikindani*

JIBU: Hoja yako naipokea yote, tena Kilwa ilikuwa na msikiti wa mawe wenye kuba karne tatu kabla Corfe haijapasuliwa kwa baruti. Vitu vya kuona tunavyo. Kitu Dorset ilichonacho na sisi hatuna ni kidogo sana, karibu aibu kukitaja: mlango una karatasi inayosema unafunguliwa saa ngapi, na kweli unafunguliwa saa hiyo. Mgeni akija kwangu Shangani akaniuliza boti ya Kilwa Kisiwani inaondoka saa ngapi kutoka Masoko, namjibu, ikijaa. Akiuliza nani atamwelezea Husuni Kubwa, lile gofu la kasri la sultani, namwambia ulizia. Tuwekeane karatasi mlangoni kwanza, mwanangu, na benchi moja kivulini pale Mikindani ufukweni. Mbao za kutengenezea ziko kwangu, njoo uzichukue.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nipo Poole, baba yangu anakuja kutoka Nanyamba mwezi wa kwanza, kwenye baridi. Kuna cha kumuonyesha au tukae tu ndani? *Binti wa Nanyamba*

JIBU: Marahaba. Mtoeni nje, Januari ina faida yake. Ndio wakati mzuri wa visukuku, kwa sababu dhoruba zinaangusha majabali na bahari inaosha tope. Nendeni Charmouth, kuna kituo cha pwani ambacho wahudumu wake huongoza matembezi ya ufukweni na watamwonyesha baba namna ya kutambua amonaiti, gamba lililojiviringa, kati ya mawe ya kawaida. Asikae chini ya jabali baada ya mvua, linaporomoka bila kupiga hodi. Ratiba ya maji iangalieni kabla ya kutoka. Baba wa Nanyamba anaweza asiwe mtu wa bahari, mwelezeni kwamba wakati wa bamvua maji yanajaa hadi kwenye mwamba na njia ya kurudi inafungwa. Watu huokolewa pale kila mwaka.

Viatu vya mpira virefu, soksi mbili mbili, chai kwenye chupa. Jua linazama kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, kwa hiyo ondokeni asubuhi. Charmouth hakuna treni, Lyme Regis pia reli yake ilifungwa mwaka 1965; mnashuka Axminster na kuchukua basi, na majira ya baridi mabasi ni machache. La mwisho mlishike mapema. Likiwaacha, kule hakuna bodaboda.